Vyuma viwili, wimbi moja: shajara ya mradi wangu wa chuma na bipiridini

Februari 10

Leo nimekabidhiwa kabati, ufunguo wa chumba cha mizani na chupa ya gramu tano za 4,4′-dimethili-2,2′-bipiridini. Chupa imechukua wiki saba kunifikia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nitaigawa kama sukari ya tarehe 28.

Kwa asiyeishi na vitu hivi: bipiridini ni molekuli ya pete mbili, kila pete ina naitrojeni yake, na naitrojeni hizo mbili hukibana chuma kama koleo. Koleo tatu zikikutana kwenye ioni moja ya chuma(II), yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili, myeyusho unageuka mwekundu papo hapo. Fritz Blau ndiye aliyeitengeneza bipiridini mwaka 1888, kwa kukanza chumvi ya shaba ya asidi ya pikoliniki. Wekundu wake na chuma umetumika tangu zamani kupima chuma kwenye maji, na tone lake likidondokea koti jeupe, koti hilo limeshakuwa la kazi.

Mimi nataka vyuma viwili ndani ya molekuli moja. Ramani yangu ni kazi ya kundi la C. Michael Elliott wa Colorado State University iliyochapishwa mwaka 1988: bipiridini mbili zimeunganishwa kwa daraja la kaboni mbili, kisha ligandi (molekuli zinazokishika chuma) tatu za namna hiyo zimezungushwa kwenye vyuma viwili. Picha yake kichwani mwangu ni kigoda cha miguu mitatu, chuma kimoja juu, kingine chini, na ligandi ndiyo miguu. Fomula ni [Fe₂L₃]⁴⁺, L ikiwa ligandi.

Swali la tasnifu ni fupi. Ukikinyang'anya chuma cha juu elektroni yake, cha chini kinapata habari?

Machi 3

Kazi ya wiki tatu imekuwa kukausha vitu. THF, kiyeyushi changu, nimeichemsha juu ya sodiamu na benzofenoni mpaka ikashika bluu ya wino, maana hiyo bluu haiji kama bado kuna maji au oksijeni. Vyombo vya kioo vimelala kwenye oveni nyuzi 120 usiku kucha.

Ili kuunganisha bipiridini mbili, lazima kwanza niing'oe protoni kwenye kikundi cha methili. Kazi hiyo inafanywa na LDA, besi kali inayotengenezwa papo hapo kwa butili lithiamu na diisopropilamini, na inataka baridi ya karibu nyuzi −78. Barafu kavu hatuna. Tunachopata ni naitrojeni kimiminika, kutoka kwa wanaohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji. Unaimimina kidogo kidogo kwenye ethili asetati huku unakoroga kwa mwiko wa mbao, inakuwa uji mzito wa nyuzi −84. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisimama dirishani kuangalia.

Machi 18

Jaribio la kwanza limekufa. Nilitumia gramu 1.84 za bipiridini, milimoli 10 kamili. LDA ilipoingia, myeyusho ulitakiwa kuwa wa rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea kahawia. Wangu ulikuwa njano ya chai ya rangi iliyoongezwa maji mara tatu. Nikajipa moyo, nikaweka dibromoethani ya kuziunganisha bipiridini mbilimbili, nikaendelea hadi mwisho. Nilichokichuja jioni ni bipiridini ileile niliyoianza, tena pungufu.

Mzee wetu wa maabara aliangalia chupa, akaangalia nje ambako masika yalikuwa yameshaanza, akasema, “Binti, hiyo THF umeifungua saa ngapi?”

“Asubuhi, mzee.”

“Basi imeshakunywa mvua.”

Kweli, niliihamisha kwa kumimina badala ya kuivuta kwa sindano ndefu chini ya agoni. Dakika mbili za hewa ya pwani mwezi Machi zinatosha. Butili lithiamu nayo sikuwa nimeipima nguvu. Nilisoma namba ya kwenye lebo nikaiamini, na chupa yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa na watu sijui wangapi kabla yangu.

Machi 27

Jaribio la pili, gramu 1.84 nyingine. Safari hii butili lithiamu nimeipima: nguvu yake halisi ni robo tatu ya inayoandikwa kwenye lebo. Kila kitu kimepita kwenye sindano.

Rangi ilikuja. LDA ilipoanza kudondoka, kila tone liliacha mkia wa kahawia ulioenea taratibu, na baada ya nusu saa chupa nzima ilikuwa kama kahawa ya kijiweni. Nikaweka mililita 0.43 za dibromoethani, yaani nusu ya moli za bipiridini. Ndani ya dakika chache kahawa ikafifia hadi rangi ya maziwa mepesi. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

Kuna jambo hapa huwachanganya wengi, na mimi lilinichanganya. Ukiona dibromoethani yenye kaboni mbili imeingia na ligandi yenye daraja la kaboni mbili imetoka, utadhani daraja ni hiyo dibromoethani. Siyo. Dibromoethani inatoa bromini zake na kuondoka kama gesi ya ethilini. Kaboni mbili za daraja ni zile methili mbili za bipiridini zenyewe, zimeshikana mikono. Ingekuwa dibromoethani imebaki katikati, daraja lingekuwa la kaboni nne.

Baada ya kusafisha kwa ethili asetati moto nimepata gramu 0.92 za fuwele nyeupe. Kiwango cha juu kabisa kingekuwa 1.83, kwa hiyo ni asilimia 50. Naichukua.

Aprili 9

NMR, kipimo kinachoonyesha kila kundi la protoni kwenye molekuli, imerudi. Sampuli zetu husafiri na mtu anayepita, hivyo kusubiri ni sehemu ya mbinu. Daraja limeonekana kama mstari mmoja mwembamba kwenye 3.07, wenye protoni nne, na methili zilizobaki kwenye 2.44, protoni sita. Daraja la kaboni nne lingeleta mistari miwili ya aina tofauti. Hapo hakuna ubishi.

Wakati nasubiri nilifanya mradi wa pembeni, kompleksi (chuma pamoja na vinavyokishika) nyingine ya vyuma viwili: [Fe₂O(OAc)₂Cl₂(bpy)₂], bpy ikiwa bipiridini, ambayo kundi la George Christou lilichapisha pia mwaka 1988. Hiyo haihitaji naitrojeni kimiminika wala maombi. Vyuma vyake ni vya (III), vimeunganishwa na oksijeni moja na asetati mbili, kwa mfano wa hemerithrini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu ya baadhi ya minyoo ya baharini. Iko vizuri kwa macho, ila kwenye elektrodi ilinivunja moyo: ukiipa elektroni, daraja linavunjika. Wimbi la kwenda lipo, la kurudi halipo. Nimeiweka kwenye droo.

Aprili 22

Kukusanya kigoda. Ligandi gramu 0.183, yaani milimoli 0.50, na chumvi ya Mohr, ambayo ndiyo chuma(II) changu, gramu 0.131, milimoli 0.33. Tatu kwa mbili.

Nilianza kwa haraka. Nikachanganya vyote kwenye mililita 10 za ethanoli na maji, kikaja kitu chekundu chenye utelezi kisichochujika. Ni polima. Ligandi hii ina mikono miwili na hakuna anayeilazimisha kushika vyuma vilevile viwili. Ncha moja inashika hapa, nyingine inashika jirani, na jirani anashika jirani yake, mpaka unapata wavu.

Dawa ni mbili: maji mengi na moto. Katika myeyusho mwepesi, mkono wa pili unakutana na chuma cha karibu kabla ya kukutana na cha mbali. Na moto unasaidia kurekebisha makosa, kwa sababu chuma(II) kikishikwa na bipiridini tatu hakiachii kirahisi. Kwenye nyuzi 25, [Fe(bpy)₃]²⁺ huchukua zaidi ya saa nzima kwa nusu yake kuachia ligandi moja. Kwa hiyo koleo lililokosea mahali litakaa hapohapo usipolichemsha.

Nimerudia kwa mililita 300, chuma kinadondoka kwa saa mbili, kisha usiku mzima kwenye mchemko. Asubuhi nimeweka amoniamu heksafluorofosfati, na mashapo mekundu yakashuka kama unga wa pilipili. Gramu 0.21. Baada ya kuipitisha kwenye safu ya silika kwa asetonitraili, maji na nitrati ya potasiamu, ukanda mmoja mwekundu ulishuka na utepe mwingine ukagoma juu kabisa. Uliogoma ni wavu. Uliobaki mkononi, baada ya kurudishwa kuwa chumvi ya heksafluorofosfati, ni gramu 0.14.

Mei 6

Nimejifunza leo kwamba spektra ya mwanga haina faida kwangu. Kilele kiko nanomita 530, na kila chuma kinameza mwanga sawasawa na kompleksi ya chuma kimoja niliyoitengeneza kwa kulinganisha, [Fe(dmb)₃]²⁺, dmb ikiwa ile bipiridini ya chupa ya mwanzo. Vyuma viwili, mwanga mara mbili. Wavu nao ungenionyesha picha hiyohiyo.

Spektra ya masi ndiyo ya kusubiri. Nimetuma miligramu moja.

Mei 14

Voltametria, hatimaye: unabadilisha volti taratibu na kupima mkondo unaopita. Asetonitraili kavu, tetrabutiliamoniamu heksafluorofosfati 0.1 M, elektrodi ya kaboni ya kioo yenye kipenyo cha milimita 3, waya wa platini, na rejeleo la fedha ambalo nimelitengeneza mwenyewe.

Kusugua elektrodi kumechukua muda kuliko kupima. Alumina ya mikromita 0.05 kwenye kitambaa, unaandika namba nane kwa mkono mwepesi, dakika tano, unasuuza, unarudia. Ukisugua kwa kuzunguka tu, ukingo mmoja unalika kuliko mwingine. Mpaka ferosini, kampaundi ya chuma ninayoitumia kulinganishia volti, iniletee vilele viwili vilivyoachana milivolti 65 au pungufu, sianzi.

Matokeo ya upande wa oksidisho, ambako elektroni zinatoka: wimbi moja, zuri, linarudi lote. +0.53 V dhidi ya ferosini. Kompleksi ya chuma kimoja iko +0.51 V. Ile ya bipiridini tupu iko juu zaidi, kwa sababu methili zangu zinasukuma elektroni kuelekea chuma na kukirahisishia kuzitoa.

Juzi wimbi hilohilo nilikuwa nimelisoma milivolti 30 juu zaidi nikashtuka. Kumbe rejeleo ndilo lililohama, na ferosini nayo ilikuwa imehama kiasi hichohicho. Sasa ferosini naiweka mwisho wa kila kipimo, hata kama nimechoka.

Mei 15

Wimbi moja. Nimelala nalo.

Nilitegemea nini? Vyuma visipojuana kabisa, kila kimoja kinatoa elektroni yake kwa bei ileile. Mtu anaweza kudhani basi litaonekana wimbi la elektroni mbili kwa mpigo, jembamba, vilele vyake vikiachana milivolti 28 au 29. Sivyo, na hapa ndipo nilipokaa saa tatu na kalamu.

Fikiria nyumba ya milango miwili, kila mlango na elektroni yake. Elektroni ya kwanza kutoka ina milango miwili ya kutokea, lakini ikitaka kurudi, mlango ulio wazi ni mmoja tu. Elektroni ya pili ina mlango mmoja wa kutokea, ila baada ya kutoka, milango yote miwili iko wazi kwa anayetaka kurudi. Kwa hiyo ya kwanza inatoka kwa wepesi kidogo na ya pili kwa uzito kidogo, hata kama milango yenyewe inafanana kwa kila kitu. Ukihesabu, tofauti ni mara nne, na kwenye nyuzi 25 mara nne hiyo ni milivolti 36. Mawimbi mawili yaliyoachana milivolti 36 hayaonekani kuwa mawili. Yanajumlishana na kutoa umbo lilelile la wimbi la elektroni moja, vilele vikiachana milivolti 57 hivi.

Yaani molekuli inayotoa elektroni mbili inavaa nguo za molekuli inayotoa moja. Kwa umbo pekee sijui kama nimetengeneza kigoda au nimetengeneza kitu cha chuma kimoja.

Vipimo vyangu: vilele vya kigoda vimeachana milivolti 72, vya chuma kimoja 66. Kwenye voltametria ya mapigo, upana wa kilele katikati ya urefu wake ni milivolti 104 kwa kigoda na 97 kwa chuma kimoja. Tofauti ya 7. Richardson na Taube walionyesha mwaka 1981 namna ya kusoma umbali wa mawimbi kutoka kwenye upana huo, na yangu inasema labda yameachana kidogo kuliko 36. Labda. Ioni ya chaji 4+ kuwa 5+ kisha 6+ lazima ijisikie vibaya kidogo. Lakini kwa milivolti 7 na ukinzani wa myeyusho ambao sijaufidia vizuri, siwezi kujengea hata banda la kuku.

Mkondo nao: chuma kimoja cha 1.0 mM kimetoa mikroampea 19, kigoda cha 0.5 mM kimetoa 16. Kwa idadi ya vyuma ni sawa, kilichopungua ni mwendo. Molekuli kubwa inatembea polepole. Wavu ungetembea polepole zaidi ya hapo.

Mei 21

Upande wa chini, ambako elektroni zinaingia. Mara ya kwanza nilipata kilele kikubwa kwenye −1.3 V nikafurahi. Ilikuwa oksijeni. Agoni dakika 20, ikipita kwanza kwenye chupa ya asetonitraili ili isinikaushie seli, na kilele kikatoweka.

Vya kweli viko −1.84, −2.02 na −2.27 V. Hizi elektroni haziingii kwenye chuma, zinaingia kwenye bipiridini. Kila wimbi ni la elektroni mbili, kwa sababu kuna bipiridini sita na zinajaa mbilimbili, moja kila upande wa kigoda. Wimbi la pili lina tabia mbaya: likirudi lina ncha kali kama sindano. Nilidhani ni uchafu, nikasugua elektrodi mara tatu. Kisha nikahesabu chaji: 4+ ikipokea elektroni nne inakuwa sifuri, na kompleksi isiyo na chaji haipendi asetonitraili, inang'ang'ania kwenye kaboni. Ukigeuza volti, inang'oka yote kwa pamoja. Nilipoitoa elektrodi haraka kabla ya kugeuza, niliona utando mweusi juu yake, na hewa ilipougusa ukawa mwekundu mbele ya macho yangu.

Juni 4

Kulometria, yaani kuhesabu elektroni zote zinazotoka, jaribio la kwanza. Miligramu 17.9, yaani mikromoli 10 za kigoda. Elektroni moja kwa kila molekuli ni kulombi 0.965, mbili ni 1.93. Nikaweka +0.75 V na kuacha.

Kwenye kulombi 1.12 umeme ukakatika.

Myeyusho ulikuwa zambarau chafu, kwa sababu chuma(III) cha bipiridini ni bluu na nusu ya wekundu bado ilikuwepo. Jenereta iliwaka baada ya dakika tisa, ila potenshostati, mashine inayoshikilia volti, ilisahau kila kitu. Laiti ningekuwa na haraka ya kuandika ripoti, 1.12 ingependeza sana kama “elektroni moja”.

Juni 6

Leo nimekuja saa kumi na moja alfajiri, na betri ya akiba niliyoazima kwa kaka wa maabara ya jirani. Kulombi 1.91, toa 0.05 za kiyeyushi kitupu, zinabaki 1.86. Hiyo ni elektroni 1.93 kwa molekuli. Myeyusho ulipita nyekundu, zambarau, kisha bluu tupu kama wino wa shule. Nikaurudisha kwa +0.30 V, wekundu ukaja wote, kulombi 1.79. Zilizopungua nazilaumu maji kidogo yaliyobaki, maana ile bluu ina njaa ya elektroni na huzichukua inapozipata.

Nikampelekea mwalimu kwa furaha. Akasoma, akaweka miwani juu ya kichwa.

“Hesabu nzuri. Sasa niambie, ingekuwa polima ungepata ngapi?”

Nikanyamaza. Polima ina chuma na ligandi kwa uwiano uleule, mbili kwa tatu. Miligramu 17.9 za wavu zingetoa kulombi zilezile, hata chembe isingepungua. Nilichothibitisha ni kwamba kila chuma kwenye chupa kimetoa elektroni yake. Sijathibitisha kwamba viko viwili.

“Shikamoo, mwalimu,” nikasema nikiondoka, na hapo nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Juni 19

Spektra ya masi imefika. Kilele kikuu kiko m/z (masi kugawa kwa chaji) 302.6, kama hesabu inavyotaka kwa [Fe₂L₃]⁴⁺. Lakini kigoda maradufu, [Fe₄L₆]⁸⁺, nacho kingekaa 302.6, na pete yoyote kubwa ya uwiano huohuo vilevile. Kinachotofautisha ni vilele vidogo vya isotopu pembeni. Kwa chaji nne vinaachana robo, kwa chaji nane vinaachana nusu ya robo.

Nimekuza picha mpaka pikseli zikaonekana na kuweka rula juu ya skrini. 302.6, 302.85, 303.1, 303.35. Robo, robo, robo. Nusu ya robo hakuna.

Nimempelekea mwalimu picha bila maneno. Amejibu: “Weka kulometria sura ya nne, hii itangulie.”

Zimebaki miligramu 70 na kitu. Nimeweka mirija sita ya fuwele, asetonitraili chini na etha ikiingia taratibu kutoka juu, kwenye droo ya chini ambako kompresa ya jokofu haiitikisi. Mmoja nimeuwekea alama ya wino mwekundu. Ndio wenye fuwele za kuonekana kwa jicho, nyembamba mno kwa eksirei mpaka sasa.